Mgongano wa Wilson na hatari ya futi 1,000 za kwanza

JUMANNE, Machi 5, 2024, asubuhi, ndege mbili ziligongana juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi muda mfupi baada ya mojawapo kupaa kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson.

Kubwa kati ya hizo ilikuwa Dash 8 ya kampuni ya Safarilink, iliyokuwa safarini kuelekea Diani, Kaunti ya Kwale, ikiwa na watu 44, watano kati yao wakiwa wahudumu. Ndogo ilikuwa Cessna 172 ya shule ya urubani ya Ninety-Nines, iliyowabeba mkufunzi na mwanafunzi wake. Wahudumu wa Dash 8 walisikia kishindo kikubwa, wakageuza ndege na kutua Wilson bila abiria hata mmoja kujeruhiwa. Cessna ilianguka ndani ya mbuga. Wote wawili waliokuwemo waliaga dunia.

Kwa siku kadhaa taifa lilijadili mkasa huo, likawalilia marehemu na kushukuru kwa wale walionusurika. Kisha, kama ilivyo ada yetu, macho yakageukia mambo mengine. Hata hivyo, swali ambalo mkasa huo uliuliza lingali papo hapo kila asubuhi ndege ya kwanza inapopaa Wilson: ni nani, au ni nini, kinachozuia ndege mbili zisikutane katika dakika ile ya kwanza angani?

Makala haya hayakusudii kumtwika rubani, mwelekezi wa ndege au kampuni yoyote lawama ya kilichotokea Machi 2024. Kazi ya kubainisha chanzo ni ya Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, AAID, na kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zasema wazi kwamba lengo la uchunguzi wa aina hiyo ni kuzuia ajali nyingine, wala si kutafuta wa kuhukumiwa. Hoja hapa ni pana zaidi. Katika sehemu ya mwanzo ya kupaa, kinga ambazo msafiri huziamini, yaani mitambo ya kisasa na macho ya rubani, huwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote wa safari. Kinachobaki ni mpangilio: nani anaruhusiwa kuruka wapi, saa ngapi, kwa kimo gani na chini ya uangalizi wa nani. Na mpangilio hufanywa na watu walioketi ardhini, mapema, kabla injini haijawashwa.

Uwanja uliomezwa na jiji

Wilson ulizaliwa wakati Nairobi ilikuwa mji mdogo. Chimbuko lake ni kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Bi Florence Kerr Wilson, na uwanja ukapewa jina lake mwaka 1962. Enzi hizo, rubani aliyekuwa akipaa aliona chini yake nyika, mashamba na nyumba chache za mabati.

Leo uwanja huo umezingirwa. Kusini iko mbuga. Mashariki iko mitaa ya Nairobi West na South C. Magharibi iko Kibera, mojawapo ya mitaa yenye msongamano mkubwa wa watu barani Afrika. Na ukifuata kwa macho mstari wa njia ya ndege inayoelekea kaskazini-magharibi, utavuka Kibera na Ngong Road na kufika Kilimani na Hurlingham, umbali wa kilomita tatu na ushei tu kutoka uwanjani.

Hurlingham, ambayo wazee waliijua kwa nyumba zake za ghorofa moja, ua za michongoma na miti ya mijakaranda, sasa ni mtaa wa majumba marefu, hospitali, shule na ofisi. Mkazi wa ghorofa ya kumi kando ya barabara ya Argwings Kodhek huishi karibu na njia za angani kuliko babu yake alivyowahi kuishi. Ndiyo maana suala la ndege zinazopaa Wilson haliwezi kuachiwa marubani na wenye makampuni pekee. Linamhusu pia yule ambaye hajawahi kununua tikiti ya ndege maishani mwake.

Juu ya hayo, Wilson hauko peke yake angani. Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, JKIA, uko umbali wa takribani kilomita 12 upande wa mashariki. Kambi ya kijeshi ya Moi Air Base, Eastleigh, ina njia yake ya ndege. Viwanja vitatu vinagawana kipande kimoja cha anga juu ya jiji lenye mamilioni ya watu. Rubani anayetoka Wilson hawezi kupanda atakavyo wala kukata kona atakapo. Hupitia kwenye vijia vilivyobanwa huku na huku na njia za ndege kubwa za JKIA.

Tena shughuli za Wilson ni za kila namna. Huko ndiko hupaa ndege za watalii waendao Maasai Mara, Amboseli na Pwani. Huko ndiko zimepaa kwa miaka mingi ndege za miraa na za misaada ziendazo Somalia. Madaktari wa Amref, polisi, walinzi wa wanyamapori, matajiri wenye ndege zao binafsi, wote hutumia uwanja huo. Na huko ndiko zilikojazana shule za urubani, ambazo vijana wa Kenya na wa mataifa jirani hujifunzia kupaa na kutua, mara kumi, mara ishirini, wakizunguka uwanja ule ule.

Kwa hivyo, katika saa moja ya asubuhi, hewa ile ile hupitiwa na ndege yenye uzito wa karibu tani 20 ikiwa na abiria 39, na ndege yenye uzito wa takribani tani moja ikiongozwa na kijana aliye katika somo lake la kumi. Mbili hizi hazilingani kwa kasi, kwa uwezo wa kupanda wala kwa uzoefu wa walioko usukani.

Kimo cha Nairobi huongeza tofauti hiyo. Wilson uko takribani mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi. Injini ndogo hupungukiwa nguvu na mabawa hayabebi kama yabebavyo Mombasa. Jua likichomoza na joto kupanda, hewa huwa nyepesi zaidi. Cessna ya mafunzo hupanda polepole na hukaa muda mrefu zaidi karibu na ardhi, papo hapo ambapo ndege kubwa zitapita.

Mtambo unaonyamaza

Msomaji atauliza: je, ndege za siku hizi hazina mtambo wa kuepusha migongano?

Zinao. Marubani huuita TCAS. Historia yake imeandikwa kwa damu. Agosti 31, 1986, ndege ya Aeroméxico na ndege ndogo aina ya Piper ziligongana juu ya Cerritos, karibu na Los Angeles, na watu 82 wakafa, 15 kati yao wakiwa ardhini. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzilazimu ndege za abiria kuwa na mtambo huo. Dunia nzima ikafuata pole pole, na tangu Januari 1, 2005 kanuni za ICAO zinataka kila ndege ya injini za tabo yenye uzito unaozidi kilo 5,700, au inayoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya 19, iwe nao.

Mtambo huo hufanya kazi kwa kuuliza. Hutuma mawimbi ya redio, na ndege nyingine zilizo karibu hujibu kupitia kifaa kiitwacho transponda, zikieleza kimo chake. Kwa majibu hayo mtambo hukadiria ni sekunde ngapi zimebaki kabla ndege hizo hazijakaribiana mno. Kwanza hutoa tahadhari ya kumtaka rubani aangaze macho. Hatari ikizidi, hutoa amri: panda, au shuka.

Ubora wa mtambo huo ulidhihirika katika anga ya Kenya kwenyewe. Mwishoni mwa Agosti 2018, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Johannesburg kwenda Addis Ababa na Boeing 767 ya kampuni ya Neos ya Italia, iliyokuwa ikitoka Verona kwenda Zanzibar, zilijikuta katika kimo kimoja cha futi 37,000, zikielekeana. Mtambo ulilia, na ndege ya Ethiopian ikapanda hadi futi 38,000. Mamia ya abiria waliendelea na safari zao bila kujua lililotaka kuwapata.

Lakini mtambo huo una mipaka miwili ambayo umma hauambiwi vya kutosha.

Mpaka wa kwanza ni kwamba hauoni chochote kwa macho yake. Huona kwa kuuliza na kujibiwa tu. Ndege isiyo na transponda, au ambayo transponda yake imezimwa, kwa mtambo huo ni sawa na kivuli usiku wa giza.

Mpaka wa pili ndio mzito zaidi. Ndege iwapo chini ya takribani futi 1,000 kutoka ardhini, mtambo hunyimwa makusudi uwezo wa kutoa amri za kukwepa. Waliouunda walikuwa na sababu nzuri. Kumwambia rubani ashuke akiwa karibu na ardhi ni kumtoa kwenye moto na kumtia kwenye kaa. Vilevile, karibu na uwanja ndege ni nyingi na hukaribiana kwa utaratibu wa kawaida, na mtambo unaolia kila dakika mwishowe hupuuzwa. Kwa hivyo chini ya kimo hicho hubaki tahadhari pekee.

Sasa tazama mlingano huu. Kwa desturi ya kimataifa, ndege ndogo za mafunzo huzunguka uwanja kwa kimo cha takribani futi 1,000 juu ya ardhi. Maana yake ni kwamba mzunguko wa mwanafunzi uko pale pale kwenye kizingiti ambapo mtambo wa ndege kubwa unaanza kupata sauti. Ndege ya abiria inayopaa huvuka kimo hicho ikiwa na mzigo kamili wa mafuta, pua ikiwa juu, na marubani wake wawili wakiwa na kazi nyingi kuliko dakika nyingine yoyote ya safari isipokuwa ya kutua.

Washington iliyaona matokeo yake Januari 29, 2025. Ndege ya abiria iliyokuwa ikitua ilipogongana na helikopta ya jeshi juu ya mto Potomac, watu 67 walikufa. Ndege ile ilikuwa na mtambo. Ulitoa tahadhari takribani sekunde 20 kabla ya mgongano. Amri ya kukwepa haikutolewa, kwa kuwa zilikuwa futi 300 hivi tu juu ya maji.

Macho ya rubani

Mtambo ukinyamaza, tunarudi kwenye kanuni kongwe kuliko zote: ona, kisha kwepa. Kanuni hiyo yasikika rahisi, lakini mwili wa binadamu haukuumbwa kwa kazi hiyo.

Ndege iliyo katika mkondo wa kugongana nawe haisogei kwenye kioo. Hukaa palepale, doa dogo lisilotikisika, kisha ghafla hupanuka na kujaza kioo chote. Jicho letu hunasa kitu kinachosogea. Kitu kilichotulia hulipita. Mabawa ya Cessna 172 yako juu ya kibanda chake, hivyo huwafichia waliomo sehemu ya anga iliyo juu na, ndege inapokata kona, upande inakoelekea. Ndege kubwa inayopaa nayo huinua pua, na pua hiyo huficha kilicho mbele na chini. Moja haioni juu, nyingine haioni chini.

Mamlaka ya anga ya Marekani hukadiria kwamba rubani huhitaji sekunde 12.5 tangu aone kitu, atambue ni ndege, ang'amue kuwa wanaelekea kugongana, aamue la kufanya, na hadi ndege yake iitikie. Ndege inayokwenda kilomita 240 kwa saa husafiri zaidi ya mita 800 katika muda huo. Njia za ndege za Wilson zina urefu wa yapata kilomita moja na nusu kila moja. Kwa hivyo, kabla rubani hajaikwepa ndege aliyoiona, atakuwa amemaliza zaidi ya nusu ya urefu huo.

Mji wa San Diego, Marekani, ulilipa gharama ya kuyategemea macho Septemba 25, 1978. Boeing 727 ya abiria ilikuwa ikijiandaa kutua. Waelekezi waliwaarifu marubani kuwa kuna ndege ndogo mbele yao, nao wakajibu kuwa wameiona. Baadaye ikawapotea machoni. Ndege hiyo ndogo ilikuwa Cessna 172, aina ile ile ya Wilson, na ndani yake walikuwemo mkufunzi na mwanafunzi. Watu 144 waliangamia. Saba kati yao walikuwa wakazi wa mtaa uliokuwa chini, watu waliokuwa majumbani na barabarani wakiendelea na shughuli zao.

Mfano huo unafanana mno na wetu kwa chanzo na unatofautiana nao kwa matokeo tu. San Diego ndege ziliangukia mtaa wa watu. Nairobi, ile kubwa ilirejea na ile ndogo ikaangukia nyasi za mbuga. Lau mgongano ungetokea juu ya Kibera, juu ya South C au juu ya Hurlingham, tungekuwa tukiomboleza hesabu nyingine kabisa. Hiyo ni bahati, na bahati haiandikwi kwenye mpango wa usalama.

Wala Nairobi haikosi ushahidi wa jinsi walio ardhini wanavyoweza kuhusika. Agosti 7, 2025, ndege ya matibabu ya Amref iliyokuwa imetoka Wilson ikielekea Hargeisa ilianguka Mwihoko, Kaunti ya Kiambu, dakika chache baada ya kupaa. Wote wanne waliokuwemo walifariki, na wengine wawili waliokuwa ardhini. Huo haukuwa mgongano na haufai kuchanganywa na mkasa wa 2024. Unatukumbusha tu kwamba dakika za kwanza za safari hupita juu ya paa za watu.

Mwelekezi na ratili anayoibeba

Baina ya mtambo na macho yupo mtu wa tatu, mwelekezi wa ndege, aliyeketi mnarani. Yeye ndiye anayetoa ruhusa ya kupaa, anayepanga nani atangulie na nani asubiri, na anayewaarifu marubani kuhusu ndege nyingine zilizo karibu.

Tatizo ni kwamba kwenye viwanja vinavyochanganya ndege za aina zote, mwelekezi hushughulika na makundi mawili. Wapo wanaoruka kwa kutegemea vyombo, ambao njia na vimo vyao hupangwa. Wapo pia wanaoruka kwa kutegemea macho, ambao kwa kiasi kikubwa hupewa taarifa na kuachiwa wajibu wa kujiepusha wenyewe. Makundi hayo yakikutana kwenye mzunguko mmoja, usalama wa abiria 39 huwa umewekwa rehani kwa sentensi moja ya redio: je, ilisikika? Je, ilieleweka? Je, yule anayetajwa ndiye aliyeonekana?

Mwelekezi naye ni binadamu. Usiku wa Julai 1, 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege ya Urusi iliyojaa watoto na ndege ya mizigo ya DHL ziligongana, na watu 71 wakafa. Mwelekezi wa Zurich alikuwa peke yake, akihudumia meza mbili, huku sehemu ya mitambo yake ikifanyiwa ukarabati. Alimwambia rubani wa Urusi ashuke. Mtambo ulimwambia apande. Rubani akamtii binadamu. Tangu hapo ulimwengu umesisitiza kwamba mtambo ukiamuru, rubani autii mtambo hata kama mnara unasema vingine.

Lakini fundisho la Überlingen lina sehemu mbili, na ya pili husahaulika. Yule mtu hakupaswa kuachwa peke yake. Idadi ya waelekezi kwa kila zamu, mapumziko yao na ubora wa vifaa vyao ni mambo ya bajeti, na bajeti hupangwa na wakubwa wasiokaa mnarani. Mkasa ukitokea, jina linalotajwa kwanza huwa la aliyeshika kipaza sauti.

Jibu limo katika ramani

India ilijifunza kwa njia chungu kuliko sote. Novemba 12, 1996, Boeing 747 ya Saudi Arabia ilipaa kutoka Delhi na kuruhusiwa kupanda hadi futi 14,000. Ndege ya Kazakhstan iliyokuwa ikija iliruhusiwa kushuka hadi futi 15,000, lakini ikapita kimo hicho. Watu 349 walikufa, na hadi leo huo ndio mgongano wa angani ulioua watu wengi zaidi duniani.

Ni kweli kwamba ndege moja ilikiuka kimo ilichopewa. Lakini kwa nini kosa la ndege moja liliweza kuua wote? Kwa sababu ndege zinazotoka na zinazoingia zilipitishwa katika ujia mmoja, kwa kuwa sehemu kubwa ya anga ya Delhi ilikuwa imetengewa jeshi. Na rada ya uwanja haikumwonyesha mwelekezi kimo cha ndege. Baada ya mkasa, njia za kuingia na kutoka zilitenganishwa, rada ikaboreshwa, na mtambo wa kuepusha migongano ukawa sharti kwa ndege za abiria. Kosa la binadamu haliwezi kufutwa. Linaweza kunyimwa mahali pa kuulia.

Hapa ndipo Kenya inapopaswa kujiuliza. Kuna mambo manne ambayo yangestahili kuwa nguzo za mjadala.

La kwanza ni kutenganisha mafunzo na safari za abiria. Wapo wanaotaka shule zote zihamishwe Wilson mara moja. Wenye shule nao hujibu, na jibu lao si la kupuuzwa, kwamba kuhama ni gharama, kwamba wanafunzi watalipa zaidi, na kwamba nchi inayowahitaji marubani haiwezi kuwafundishia mwezini. Lakini kati ya kuhama na kubaki hivi hivi kuna hatua nyingi. Mazoezi ya kupaa na kutua mfululizo yanaweza kupelekwa viwanja visivyo na msongamano, huku ofisi na karakana zikibaki. Saa za asubuhi ambazo ndege za abiria hupaa kwa wingi zinaweza kufungwa kwa mzunguko wa wanafunzi. Usalama unaopatikana kwa ratiba ni wa bei nafuu kuliko wote.

La pili ni transponda. Pasiwepo ndege, iwe ya shule, ya tajiri au ya serikali, inayoruhusiwa kuruka katika anga ya Nairobi bila kifaa kinachofanya kazi na kutoa kimo. Ni kweli kwamba chini ya futi 1,000 mtambo hautoi amri. Hata hivyo tahadhari ya sekunde 20 ni zaidi ya zile sekunde 12.5 ambazo rubani anahitaji. Tofauti hiyo ya sekunde saba na nusu ni uhai wa watu.

La tatu ni kuhesabu ponea chupuchupu. Baada ya mkasa wa Washington, wachunguzi walipekua kumbukumbu za tangu Oktoba 2021 hadi Desemba 2024 na kugundua kuwa ndege na helikopta zilikuwa zimekaribiana chini ya futi 1,500 kwa upana na chini ya futi 200 kwa wima mara 85. Kumbukumbu zilikuwepo muda wote huo. Hakuna aliyezisoma kwa jicho la kutafuta hatari. Mkasa mkubwa hutanguliwa na mikasa midogo isiyoua, na kila mmoja wao ni barua ya onyo. Mamlaka ichapishe takwimu za matukio ya aina hiyo kwa kila uwanja, kila mwaka, na marubani na waelekezi wanaotoa taarifa za makosa yao wenyewe walindwe badala ya kuadhibiwa. Mfanyakazi anayeogopa kufutwa hafungui kinywa, na barua ya onyo huishia mfukoni mwake.

La nne, na ndilo linalowakera wakubwa, ni muundo wa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Tangu ilipoundwa mwaka 2002, mamlaka hiyo imepewa kazi ya kusimamia sekta nzima na wakati huohuo kutoa huduma yenyewe ya kuelekeza ndege. Chuo cha mafunzo ya anga kilichoko Embakasi nacho kiko chini yake. Kwa lugha ya kawaida, mwamuzi wa mechi pia ni mchezaji. Sisemi kwamba maafisa wake hawafanyi kazi kwa uaminifu. Nasema kwamba hata mwaminifu hapaswi kuombwa ajikague mwenyewe na kujipa alama. Afrika Kusini ilitenganisha kazi hizo: shirika moja huelekeza ndege, jingine husimamia. Uingereza ilifanya vivyo hivyo. Kenya haihitaji kubuni jambo jipya, inahitaji ujasiri wa kugawa mamlaka.

Sauti ya walio chini

Mwisho ni suala la wakazi. Sheria huitaka KCAA kuidhinisha urefu wa majengo yaliyo karibu na viwanja vya ndege. Kila ghorofa inayoongezwa Hurlingham, Kilimani au South C hupunguza nafasi iliyopo kati ya paa na ndege, na humnyima rubani aliyepata hitilafu mahali pa kukimbilia. Mwenye kiwanja akiongeza ghorofa mbili bila idhini, hapandishi jengo lake tu, hushusha anga ya jirani zake. Kaunti ya Jiji na mamlaka ya anga hazina budi kufanya kazi hii kwa sauti moja na kuwaeleza wakazi wazi ni njia zipi zinapita juu yao na kwa kimo gani.

Vilevile umma una haki ya kusoma matokeo ya uchunguzi. Kanuni za ICAO zataka ripoti ya awali iandaliwe ndani ya siku 30. Ripoti ya mwisho yapaswa kutolewa, inapowezekana, ndani ya miezi 12, na ikichelewa, taarifa ya hatua iliyofikiwa itolewe kila mwaka siku ya kumbukumbu ya ajali. Kanuni hizo hazikuwekwa kwa ajili ya wataalamu pekee. Mzazi aliyempeleka mwanawe kusomea urubani, mtalii aliyelipia kiti cha kwenda Diani, na mama anayeuza mboga Kibera, wote ni wadau wa ripoti hiyo. Kubwa kwao ni mapendekezo yaliyomo na tarehe ambayo kila pendekezo litakuwa limetekelezwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Wilson unajulikana ulipo: uko kati ya njia ya ndege na futi 1,000, mahali ambapo mtambo hauamuru na jicho halitoshi. Hauhitaji teknolojia ambayo haijavumbuliwa. Unahitaji ratiba, ramani, vifaa vinavyofanya kazi, waelekezi wa kutosha na msimamizi asiyejisimamia mwenyewe. Waliopoteza maisha Machi 5, 2024 walikuwa katika somo. Serikali, mamlaka za anga na wenye ndege wana wajibu wa kuhakikisha kwamba somo hilo halirudiwi juu ya paa za watu.